Aliuliza Kama Kuna Nafasi ya Mkeka

Kemilembe mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumekula ugali mmoja jioni hii na umenishikia maji ya kunawa. Mambo ya nyumba nayo sitayagusa. Mama yako amekufundisha kupika, kutandika majani mapya sebuleni wageni wakija, na kumpigia magoti baba mkwe wako bila kumwaga ulichonacho mkononi. Nimemsikia wiki nzima akikuchosha. Nami nimekaa nje kama mtu asiye na la kusema, na hilo la kusema nilikuwa nalo muda wote.

Kesho asubuhi watu wa Nkwenda watakuja kukuchukua. Tutakwenda kanisani pamoja, kisha watakwenda na wewe kwao. Na mimi baba yako, niliyepokea posa, niliyesikiliza jina lako likitangazwa kanisani Jumapili tatu, sijui kama unataka kwenda.

Ungesema, basi niulize. Nilikuuliza, unakumbuka. Nilikuita mbele ya wajumbe wao, rubisi ikiwa kwenye kibuyu katikati ya nyumba, nikasema, "Binti yangu, wageni hawa wameleta pombe. Tunywe, tusinywe?" Ukaangalia chini ukasema, "Mnywe, tata." Wakapiga vigelegele. Nilikunywa nikiwa wa kwanza, nikaona nimefanya haki, kwani ni wazazi wangapi hapa Bugomora ambao hata hawaulizi? Lakini mwanangu, baba akimuuliza binti yake mbele ya wageni, pombe ikiwa imeshafika, hilo si swali. Lina sura ya swali, lina sauti ya swali, ila ndani yake ni amri. Kesho padri naye atakuuliza kama unakubali, na utasema ndiyo, kwa sababu nani amewahi kusema hapana kanisa likiwa limejaa hadi milangoni?

Kwetu wazee walilijua hilo. Ndiyo maana kazi ya kumuuliza binti hawakumpa baba, walimpa shangazi. Shangazi humchukua msichana wakaenda kuchuma kahawa au kuteka maji, wakazungumza habari za watu wengine, na wakirudi shangazi anajua. Kisha humjia kaka yake akasema, "Mtoto ana homa kidogo, ngojeni." Kaka mtu anaelewa kwamba hakuna homa wala nini, na posa inakwisha kimya kimya bila mtu kuaibika. Wewe ulikosa wa kwenda naye kuchuma kahawa. Mama Yusta, jirani yetu, amekaa mahali pa shangazi kwa ajili ya sherehe tu, na Mungu amsamehe, yule akikuuliza jambo hujijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Nilikuwa na dada mmoja, Kokugonza. Wewe uliambiwa alianguka kisimani kabla hujazaliwa, ukaacha kuuliza kwa kuwa ulikuwa mtoto mwenye adabu. Nataka ujue kwa nini huna shangazi.

Wakati ule nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimefanywa mwalimu wa katekisimu. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo kibanja hiki na mama yangu na kila neno la nyumba hii vilikuwa juu yangu. Nilivaa kanzu nyeupe na majivuno yangu yalikuwa meupe kuliko kanzu. Padri wa wakati huo, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alitufundisha kwamba Mkristo husema ndiyo pale penye ndiyo na siyo pale penye siyo, na kwamba kuzunguka maneno ni mlango wa uongo. Nililipenda fundisho hilo kupita kiasi. Nilikuwa nikiwakatiza wazee barazani, "Babu, sema unachotaka." Mtu akija akazungumzia mvua na ndama na mguu unaomuuma, mimi nilikaa nikisubiri afike kwenye shida yake. Akiondoka bila kufika, nilisema hakuwa na shida.

Padri mwenyewe, nikwambie, alikuwa amejifunza Kinyambo kwa bidii hadi akajua majina ya nyasi. Alikuwa akimuuliza bibi mmoja wa bondeni, "Utakuja kubatizwa lini?" Bibi alijibu, "Padri, nitafurahi." Padri aliandika jina lake kila mwaka. Miaka ikapita bibi anafurahi tu, na kila mtu kijijini alijua amekataa siku ile ya kwanza. Padri alikuwa na maneno yetu yote, ila sisi wenyewe alikuwa hajatupata. Nilimcheka mzee yule baadaye, lakini yeye alikuwa na udhuru, alizaliwa mbali. Mimi nilizaliwa hapa.

Kokugonza aliolewa upande wa mtoni, mwendo wa asubuhi hadi jua la kichwani. Alikuja siku moja mchana, peke yake, amebeba jembe begani. Nilikuwa naanika kahawa uani. Alinipigia magoti akanisalimu, nikafurahi kumwona, nakuapia nilifurahi. Mama alimletea kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Dada alichukua punje mbili akazishika mkononi bila kuzitia mdomoni.

Nikamuuliza, "Huko kwema?"

"Kwema, kaka. Nimekuja kuwaona tu. Huku mvua imeshawanyeshea?"

"Imenyesha. Kuna neno?"

"Hakuna neno."

Nikarudi kwenye kahawa yangu. Alikaa kitambo akiniangalia nikigeuza punje, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza kupitisha wakati, "Kaka, kile chumba cha mama bado kina nafasi ya mkeka?"

Nikajibu swali. Kemi, nililijibu vizuri kabisa, kwa ukweli mtupu kama nilivyofundishwa. Nilisema, "Hakina. Msimu huu tumejaza magunia ya kahawa hadi mlangoni."

Akasema, "Aa, vizuri. Mmevuna."

Hayo tu. Hakurudia. Dada yangu aliniomba nyumba, na mimi nikampa habari za mavuno. Nimelirudia jibu hilo kichwani mwangu miaka yote hii, na kila nikilirudia halina kosa hata moja. Magunia yalikuwepo kweli. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na kwa maneno hayo nilimfunga mlango.

Jioni mama yangu aliniita nyuma ya nyumba. Alisema, "Mwanangu, jembe lile ni zito kwa mtu aliyekuja kusalimia." Jembe, unajua, mwanamke wa kwetu hupewa na watu wake siku ya kuolewa. Analilimia kwa mumewe, na akiondoka bila nia ya kurudi analibeba. Hata mtoto anayechunga mbuzi angeona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa na bado sikutazama. Nilimjibu mama, "Kama ana neno, aseme. Ana mdomo." Mama alikuwa mjane anayekula kwa mkono wangu. Alirudi jikoni, nikadhani nimeshinda.

Leo ninaelewa kwa nini dada hakusema. Angesema, "Mume wangu ananipiga, nimeondoka," ningelazimika kujibu ndiyo au hapana. Na kama ningesema hapana, angekuwa amefukuzwa na kaka yake kwa mdomo, asiweze tena kuja hata kusalimia. Aliuliza habari za mkeka ili nikitaka kumkataa niweze kumkataa bila kumkataa, na sote wawili tubaki na heshima yetu. Alikuwa ananilinda mimi. Maneno yale niliyoyaita ya kuzunguka yalikuwa adabu yake, na huruma yake kwangu.

Asubuhi nilimsindikiza. Niliona ni wema, mwanamke asitembee peke yake. Mimi ndiye niliyebeba jembe. Tulipopita mabonde ya ng'ombe, pale nyasi zinapofika kifuani, alisema, "Kaka, njia hii leo ni ndefu kuliko nilivyokuja." Nikasema, "Ni ile ile." Akatangulia mbele hadi tulipofika.

Shemeji yangu alitoka akatupokea kwa uso mkunjufu. "Karibu, shemeji, karibu ndani." Alileta rubisi, Kokugonza mwenyewe ndiye aliyenipa kata, amepiga magoti, akiniangalia usoni. Sasa hapa, mwanangu, nisikilize. Kwetu mke akikimbilia kwao, watu wake hawaionji pombe ya mumewe kabla hawajamhoji. Kata huwekwa chini. Mume akiona kata iko chini anajua kuna kesi, na hata kama mtu hajafungua mdomo ataanza mwenyewe kujieleza. Sikuhitaji kusema kitu. Nilihitaji kuweka kata chini tu. Na dada yangu aliniangalia akisubiri niiweke, kwa kuwa alijua kaka yake ni mgumu wa kusikia, lakini hili lingekuwa rahisi hata kwangu.

Nilikuwa na kiu ya njia. Nikanywa.

Sijui kama nimewahi kusema neno kubwa kuliko lile, nami sikusema lolote. Kwa mkupuo mmoja nilimwambia mumewe: huyu hana watu. Shemeji alicheka, akanijazia tena. Kokugonza aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikazungumza na yule mtu habari za bei ya kahawa hadi jua lilipopungua, nikarudi nyumbani nikiimba.

Msimu wa kupalilia haukuisha. Nilikuwa kwenye migomba na mama, asubuhi mapema, akapita mtu kutoka upande wa mtoni. Alisimama mpakani, hakuingia. Alitusalimu. Kisha akasema, "Wenzangu, leo msilime."

Hilo nililielewa. Ajabu gani hii, hilo nililielewa mara moja. Alikuwa hajataja kifo, wala jina, wala ukoo. Alisema habari za kulima tu, na jembe likanitoka mkononi. Kumbe masikio nilikuwa nayo.

Tulipofika walituambia aliteleza kisimani. Nikauliza, "Aliteleza vipi?" Mzee mmoja wa ukoo wao akajibu, "Aliteleza tu," akaangalia pembeni, na watu wote pale wakaangalia alikoangalia yeye. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alikuja akauliza maswali, akajibiwa kwa ndiyo na siyo, zote zimenyooka, akaenda zake. Na mimi ningesema nini? Niliinywa pombe yao. Mtu ambaye hakuwa na kesi dada yake akiwa hai atapata wapi kesi akiwa amekufa?

Mama yangu hakunilaumu hata siku moja. Ungemjua bibi yako enzi zake, ungeshangaa, maana alikuwa na ulimi. Siku tuliyorudi kutoka mazikoni aliingia chumbani kwake, akaanza kuyaburuta magunia ya kahawa nje, moja moja, yeye mwanamke mzee. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Alipomaliza akafagia, akaleta majani mabichi, akatandika mkeka. Mkeka ule ulikaa mahali pale hadi yeye mwenyewe alipokufa, na hakuna aliyeulalia.

Tangu hapo nilijifunza kusikia, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayejifunza kuogelea baada ya mtumbwi kuzama. Nilijifunza kwa mama yako zaidi. Mwaka ule chakula kilipopungua, wewe ukiwa bado unanyonya, alikuwa akisema, "Mimi nimeshiba, nilionja jikoni." Mwanzoni nilikula sehemu yake. Siku moja nikaenda jikoni nikakuta chungu kikavu, ukoko haujaguswa. Sikumwambia nimekuta nini. Nilianza nami kushiba mapema. Tuliendelea hivyo, watu wawili wenye njaa wakidanganyana kwamba wameshiba, na nadhani ndiyo maneno matamu kuliko yote tuliyowahi kuambiana. Padri angetupa kitubio sote wawili.

Basi ningekuwa nimejifunza. Kuishi kwingi ni kuona mengi, husema watu, lakini mtu anaweza kuona mengi na asione lile lililo mezani pake.

Wiki ile baada ya tangazo la kwanza kanisani ulinikuta naanika kahawa. Ulisimama hapo, ukachukua punje ukaanza kuzichambua bila kuambiwa. Ukasema, "Tata, Sista wa shule ameuliza kama nitarudi muhula ujao."

Nami nikasema, "Mwambie hutarudi. Atatafuta mwingine wa kukaa kwenye kitanda chako."

Ukasema, "Ndiyo, tata." Ukaendelea kuchambua kahawa.

Kemi, nilikujibu swali. Nililijibu tena. Sista hakuwa na haja ya kuuliza, shule yote ya Bukoba inajua unaolewa, matangazo yalisomwa hadharani. Aliyekuwa anauliza hakuwa Sista. Nililitambua juzi tu, nikiwa peke yangu uani, mkono ukiwa ndani ya kahawa. Nilikaa chini palepale kwenye mkeka wa kuanikia. Mama yako alidhani nimeugua.

Tangu juzi nimekuangalia kama mtu anayesoma maandishi hafifu. Umecheka na wenzako, ndiyo. Umejaribu nguo ukasema ni nzuri. Lakini vitabu vyako hujampa mtu, ingawa mdogo wako ameviomba, na ulimjibu, "Utavipata, ngoja nivifute vumbi." Havina vumbi. Inawezekana nasoma vibaya. Inawezekana ninaogopa tu, na mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ong'o. Kijana wa Nkwenda ni mtu mzuri, sijasikia baya juu yake, anafanya kazi kwa mnunuzi wa kahawa na hanywi hadi kulala njiani. Sikufananishi na shangazi yako wala simfananishi yeye na yule mtu. Inawezekana ulisema "mnywe" kwa moyo wako wote, na mimi mzee nakuharibia usiku wako wa mwisho nyumbani. Kama ni hivyo nisamehe, uichane barua hii na umwambie mama yako kwamba baba ameanza kuzeeka.

Lakini kama si hivyo, sitaki unijibu. Nikikuita nikakuuliza utasema, "Kama unavyoona, tata," na tutakuwa tumerudi palepale. Nitampa mama yako barua hii akupe kabla hujaoga. Yeye ameshaambiwa. Alinishika mkono tu, na mimi nimemsikia.

Wageni watakapofika, wewe kaa chumbani. Hayo tu. Usilie, usieleze, usimtume mtu. Nikiona wameketi na wewe hujatoka, nitasimama mimi na kusema kwamba nimebadili nia. Sitasema kwamba hutaki. Nitasema mimi ndiye sitaki, kwamba nimeona mwanangu bado mdogo, kwamba nimekuwa na tamaa ya shule. Ng'ombe wao yuko zizini, ananyonyesha, atarudi kwao na ndama wake, na mbuzi tutawatafuta wengine badala ya wale tuliochinja. Watasema baba Kemilembe hana neno moja. Watasema mwalimu wa dini ni mwongo, na itakuwa kweli, nami nitasimama pale nikiambiwa hivyo hadi wachoke. Padri akitaka kuninyang'anya kanzu, aichukue. Nimevaa vya kutosha.

Na kama unataka kwenda, mwanangu, toka. Toka umevaa ile nguo, uniangalie usoni, nami nitalia mbele ya watu na kila mmoja atadhani ni furaha, na sehemu kubwa itakuwa furaha kweli.

Ila usitoke kwa ajili yangu. Usitoke kwa sababu ng'ombe ameshaletwa na wapishi wameshawasha moto. Sina nguvu ya njia hiyo tena, Kemi. Mimi nilishamsindikiza mmoja.

Tata yako